Habari za Breki Katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Taarikhi ya magari katika mji wa Nairobi imesimuliwa aghalabu kwa kusifu injini na mwendo, na kwa kuwataja washindi wa mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953. Lakini mtu aliyekaa Pumwani, Kaloleni, Bahati au Jericho, akayaona mabasi na matatu yakisimama na kuondoka kila hatua chache tangu alfajiri hadi usiku, hujua kuwa sanaa iliyo ngumu zaidi si ya kulikimbiza gari bali ya kulizuia, na kwamba sanaa hiyo ina mafundi wake na hikima zake ambazo hazijapata heshima inayozistahili.

Breki iliyo nyepesi kuliko zote katika mitaa hii haijapata kununuliwa dukani. Mvutaji wa mkokoteni ateremkaye kuelekea Gikomba na magunia ya viazi nyuma yake, akiona mzigo unaanza kumsukuma, huinua mikono ya mkokoteni juu hadi mkia wake ukainama, na kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa huko nyuma kikakwaruza lami kwa kishindo, kikaacha harufu ya mpira ulioungua na weusi juu ya njia. Kanuni yote ya breki imo katika kipande hicho: mwendo hugeuzwa kuwa joto, na kitu kilicho rakhisi hutolewa kafara ili kilicho ghali kisalimike. Wala si Nairobi peke yake iliyopita njia hii. Yule Mwingereza Herbert Frood, aliyeanzisha mwaka 1897 huko Derbyshire kazi iliyokuja kujulikana duniani kwa jina la Ferodo, husimuliwa kuwa aliwaona wenye magari ya farasi wakishindilia viatu vikuukuu kwenye magurudumu ili kupunguza mwendo mteremkoni, naye akafikiri jinsi ya kutengeneza kitu bora cha kusugua.

Mabasi ya Kenya Bus Service yalipoanza kazi mwaka 1934, na malori yalipozidi katika njia iliyoitwa Doonholm, ambayo leo ni Jogoo Road, breki zilikuwa za dramu: mabamba mawili ya chuma yenye umbo la mwezi mchanga, yaliyovikwa lainingi, yaani ganda la kusugua, yakitanuka ndani ya dramu na kuisugua. Lainingi ikiisha, bamba halikutupwa. Fundi aliing'oa ribiti moja moja, akasafisha chuma, akafunga lainingi mpya kwa vibano, kisha akagonga ribiti kuanzia katikati kuelekea ncha, ili lainingi ilale sawasawa isiache mwanya. Na kila kichwa cha ribiti alikizamisha chini ya uso wa lainingi, maana kikijitokeza hata kidogo hulima mifereji katika dramu. Hiyo ilikuwa kazi ya subira na jicho kali. Ilikuwa pia kazi ya hatari isiyoonekana, kwa sababu lainingi za zama hizo zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huingia mapafuni na kukaa humo miaka mingi kabla ya kudhihirisha madhara. Uingereza yenyewe haikupiga marufuku aina zote za asbesto hadi mwaka 1999. Siwezi kuisifu sanaa hii bila ya kuwakumbuka waliovuta vumbi lake.

Breki ya diski, ambamo pedi hubana sahani ya chuma badala ya mabamba kutanuka ndani ya dramu, nayo ilikwisha kubuniwa zamani, kwani Frederick Lanchester aliisajili Uingereza mwaka 1902, lakini ilipata sifa kubwa mwaka 1953, ndio mwaka ule ule wa Safari ya kwanza, pale gari la Jaguar lenye diski liliposhinda mashindano ya Le Mans. Katika mitaa hii ya mashariki, iitwayo Eastlands, diski ililetwa na haja ya abiria. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu matatu kubeba watu kwa nauli bila ya leseni maalumu, na miongoni mwa magari yaliyoingia katika kazi hiyo kulikuwa na Peugeot, khasa 504 yenye diski mbele, kisha zikafuata Nissan na Toyota. Hapo ndipo uchaguzi ulipokuwa mgumu. Pedi laini hukamata vizuri ingali baridi na huihurumia diski, lakini huisha upesi. Pedi ngumu yenye madini mengi hustahimili joto, ila hupiga kelele na kuila diski. Kwa maoni yangu, gari la kwenda Buruburu, lisimamalo kila kituo na kushindiliwa watu hadi mlangoni, hupaswa kupewa pedi ya wastani na kukaguliwa mara kwa mara, hali lile linaloshuka Bonde la Ufa halina budi kupewa pedi isiyolegea kwa joto, hata ikiwa diski italipa gharama. Fundi hodari hupitisha ukucha wake kutoka uso wa diski hadi ukingoni, na akikuta kizingiti, hujua imekwisha kuliwa. Ataipeleka kukerezwa ikiwa unene unaobaki haupungui kiasi kilichochorwa juu ya diski yenyewe, na ukipungua, huitupa, ijapokuwa mwenye gari ananung'unika.

Serikali nayo iliigusa kazi hii: mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji akaamuru mafundi wa jua kali wajengewe mabanda, na kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004 zikaweka kikomo cha mwendo wa kilomita 80 kwa saa na abiria 14 katika matatu ndogo. Kanuni hizo zilizungumzwa sana kwa ajili ya mikanda na mstari wa manjano, na kidogo mno kwa ajili ya breki. Na breki ndizo zilizonufaika, kwa kuwa gari likipunguziwa mwendo kwa nusu, joto ambalo breki zake hulazimika kulimeza hushuka hadi robo.

Siku hizi mabamba ya magari madogo huja yamekwisha kugandishwa lainingi kiwandani, na kadhalika pedi huja katika visanduku vizuri, nyingine halisi na nyingine za bandia, licha ya sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia. Lakini malori na mabasi makubwa yangali yakivaa lainingi ya ribiti, na fundi ajuaye kuanzia katikati kwenda nchani bado hutafutwa na wenye magari hayo.