Kutoka Kukata Hewa hadi Mazingira Pepe: Historia ya Uigaji wa Mashine za Kuchonga Chuma Zinazoongozwa na Kompyuta

Historia ya mashine za kuchonga chuma zinazoongozwa kwa tarakimu huelezwa kwa kawaida kama historia ya kasi na usahihi. Insha hii inadai kuwa hiyo ni pia historia ya jicho la fundi: namna lilivyoondolewa kazini na namna uigaji ulivyojaribu kulirejesha.

Mnamo 1952, maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani ilionyesha hadharani mashine ya kuchonga iliyopokea amri kutoka kwenye kanda ya karatasi iliyotobolewa. Wazo lilitoka kwa John T. Parsons, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta. Gharama zilibebwa na Jeshi la Anga. Awali, fundi alizungusha gurudumu huku akiona, akisikia na kuhisi chuma kikikatika. Kosa lilipoanza, mkono ulisita. Kanda haikusita. Nambari moja iliyokosewa ofisini iliweza kukigongesha kikatio kwenye jiliwa. Katika Forces of Production (1984), David Noble alisisitiza kwamba kuhamisha maarifa kutoka karakana hadi ofisini hakukuwa tokeo la teknolojia pekee, bali pia uamuzi wa wenye mamlaka.

Kinga ya mwanzo ilikuwa ghali: programu ilijaribiwa kwa kukata hewa, nta au mbao, na wakati huo mashine haikuzalisha. Michoro ya njia ya kikatio ilisaidia, lakini mistari haikuonyesha umbo lililobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Herbert Voelcker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester waliuchukulia uchongaji kama hesabu ya kutoa: nafasi inayopitiwa na kikatio huondolewa katika umbo la malighafi. Hesabu hizo zilikuwa nzito. Mnamo 1986, Tim Van Hook alizirahisisha kwa kugawa umbo katika vijiti vyembamba vinavyolingana na nukta za skrini, hivyo uchongaji ukaonekana papo hapo.

Hata hivyo, jicho lililorejeshwa kwa njia hiyo ni la jiometri. Hugundua mgongano iwapo vipimo vya mashine, jiliwa na kikatio vimeingizwa kwa usahihi. Halisikii mtetemo, wala halihisi kikatio kikiwa butu. Ndiyo maana, kipande cha kwanza kinapochongwa, fundi angali husimama karibu na kitufe cha kusimamisha mashine.