Maore: kisiwa cha jirani kinachotawaliwa kutoka Paris

Wengi wetu hapa pwani tukisikia Ngazija hufikiria visiwa vinne vya nchi moja. Bendera ya Komoro ina nyota nne kweli, lakini kisiwa cha nne, Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, ni ardhi ya Ufaransa. Ukubwa wake ni kilomita 374 za mraba tu. Pesa zake ni yuro, na tangu 2014 kimo ndani ya Umoja wa Ulaya.

Mambo yalianza 1841, sultani Andriantsouli alipokiuza kwa Wafaransa. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vingine vilitaka uhuru. Maore walio wengi walikataa. Komoro ikajitangazia uhuru Julai 6, 1975 na inakidai kisiwa hicho mpaka leo. Mwaka 2009 asilimia 95 ya waliopiga kura walikubali kiwe mkoa kamili wa Ufaransa, na Machi 31, 2011 kikawa mkoa wa 101.

Mkubwa wa serikali huko ni prifekti, anayeteuliwa na rais wa Ufaransa. Wazee wetu wa Ndera watamtambua mara moja: ni PC wa zamani, yule tuliyekuwa naye kabla ya magavana. Kando yake lipo baraza la kuchaguliwa, na miji na vijiji vimegawanywa sehemu 17, kila moja na meya wake. Wabunge wawili na maseneta wawili hukaa Paris.

Linalonigusa zaidi ni la makadhi. Karibu wenyeji wote ni Waislamu, na zamani kadhi aliamua ndoa, talaka na mirathi. Mwaka 2010 mamlaka hayo yaliondolewa ili sheria iwe moja na ya Paris. Sasa kadhi amebaki mshauri na msuluhishi. Mwaka ule ule sisi Kenya tulipitisha Katiba inayomtaja kadhi katika kifungu cha 170.

Upande wa uchumi, zamani kisiwa kiliishi kwa miwa, kisha mlangilangi na vanila. Leo mauzo ya nje ni kidogo mno, na karibu kila kitu huja kwa meli. Pesa inayozunguka ni ya serikali: mishahara ya walimu, wauguzi, polisi. Kwa kipimo cha Ufaransa, watu 77 katika kila 100 ni maskini. Hata hivyo ukilinganisha na Nzwani ni neema, ndiyo maana watu huvuka usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwasa. Tangu 1995 wanahitaji viza kwenda kwa ndugu zao, na wengi wamezama njiani.

Waliofika huishi kwenye vibanda vya mabati milimani, vile vile vilivyong'olewa na kimbunga Chido Desemba 14, 2024. Na mwaka mmoja kabla, katika mkoa huo wa Ulaya, maji ya mfereji yalikuwa yakifunguliwa siku moja katika kila tatu.