Nyerere ni Kiwavi, Kambarage ni Mvua

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kwa wale waliokuwa wanauliza kama nimehama nchi, nilikuwa nyumbani Mara, na huko nilishika jembe zaidi ya kalamu. Nimerudi na mikono yenye malengelenge na hoja moja ya historia. Siyo historia ya vita wala ya vyama. Ni historia ya swali dogo: nani mwenye haki ya kumwambia mkulima, "Sasa sia mbegu"?

Nianze na aibu yangu. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kuna El Niño na kwamba mvua za vuli zingekuwa za wastani hadi juu ya wastani katika maeneo mengi yanayopata vuli. Mimi nikaiandika habari ile kwa mbwembwe zote. Jioni nikampigia simu mama yangu mkubwa aliyeko Bunda, ambaye kila mwaka hulima robo eka ya nyanya na tuta mbili tatu za mchicha na sukuma wiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Za kazi?"

"Nzuri. Mama, mwaka huu mvua ni kubwa sana. Usihangaike kubeba ndoo za maji. Subiri mvua ishike, ndiyo usie nyanya zako."

Akanisikiliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alinisikiliza kwa sababu nimesoma. Mvua iliposhika akasia mbegu kitaluni. Nusu ya miche ikaanguka kwa kinyausi, maana udongo haukukauka hata siku mbili. Iliyobaki akaipandikiza katikati ya Novemba, mvua ikiwa imepamba moto, nayo bakajani ikaimaliza. Jirani yake alikuwa amesia mwezi Septemba chini ya kichanja cha nyasi, akimwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni. Mvua kubwa ilipofika, nyanya zake zilikuwa na mizizi ya kutosha na zimefungwa kwenye vijiti. Krismasi ile mama mkubwa alinunua nyanya za pilau kwa jirani, na ada ya Januari ya mdogo wangu ikabidi itafutwe kwingine.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Mlisema mvua itanyesha, na kweli imenyesha."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoanza kuwaza. Utabiri ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu. Nilijua mvua inakuja, lakini sikujua kuhesabu. Basi nikaanza kuuliza watu wa huko kwetu walihesabuje kabla yetu.

Jibu la kwanza nililipata Butiama, tena kwenye jina tunalolitaja kila siku bila kulisikia. Baba yake Mwalimu, Chifu Nyerere Burito, inaelezwa kuwa alizaliwa mwaka 1860, wakati viwavi vimeivamia nchi ya Wazanaki. Nyerere kwa Kizanaki ni kiwavi. Mtoto akapewa jina la balaa lililokuwa shambani. Miaka 62 baadaye, tarehe 13 Aprili 1922, katikati ya masika, akazaliwa mwanawe. Kwanza aliitwa Mugendi, yaani mtembezi. Baadaye, kwa ushauri wa mganga, akabadilishiwa jina na kuitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius alikuja kulipata akiwa kijana mkubwa, alipobatizwa mwaka 1943.

Kwa hiyo Baba wa Taifa alibeba msimu mzima katika majina mawili. Na ukiangalia vizuri, majina yale yanakwenda pamoja. Viwavijeshi wetu wa asili hulipuka hasa mvua za kwanza zinapoanguka baada ya ukame, majani mabichi yanapochipua yote kwa mpigo. Mtu aliyekuwa hajui kusoma wala kuandika alikuwa na kumbukumbu ya miaka mibaya na mizuri katika majina ya watoto wa ukoo. Bibi akisema "fulani alizaliwa mwaka wa viwavi," anafungua faili.

Kutoka Butiama si mbali sana kufika Ikizu, upande wa Bunda. Huko simulizi za wazee zinasema utemi wa Waikizu ulianzishwa na mwanamke, Nyakinywa, aliyetoka Kanadi huko Usukumani akiwa na ujuzi wa mvua. Wenyeji aliowakuta walikuwa na moto, yeye akaja na mvua, na mvua ndiyo iliyompa utawala. Wasomi wa leo wanaweza kucheka. Mimi sichekicheki tena. Ukiondoa dawa na matambiko, linabaki jambo moja zito: jamii ile ilikubaliana kwamba mwenye kujua majira ndiye mwenye kustahili kutawala. Na wa kwanza kukabidhiwa kazi hiyo alikuwa mama.

Wakaja wakoloni, Wajerumani kwanza na kisha Waingereza, na kalenda ikahama. Ikawa kalenda ya pamba. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilianza kazi miaka ya 1930, na kwa pamba kila kitu kilipewa tarehe: siku ya kugawa mbegu, siku za kupanda, siku za kuuza. Mpaka enzi zetu bado mkulima wa kanda ya magharibi huambiwa ang'oe na kuchoma masalia ya pamba kabla ya tarehe 15 Septemba ili wadudu wasivuke kwenda msimu mpya. Pamba ilileta fedha, na ilileta pia nguvu ya wakulima wenyewe. Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, ndiye aliyeongoza muungano wa vyama vya ushirika vya pamba vya Kanda ya Ziwa, Victoria Federation, ulioundwa mwaka 1955.

Lakini mboga je? Mboga haikuwa na kituo, haikuwa na tarehe, wala haikuwa na bwana shamba wake. Ilikuwa kazi ya mama ya jioni, akishatoka kwenye pamba na mtama. Mvua za kwanza, zile zenye thamani kuliko zote, zilikwenda kwa mazao yaliyokuwa na mnunuzi serikalini.

Uhuru haukubadilisha sana jambo hilo, ingawa nia ilikuwa njema. Mwaka 1972 TANU ilikutana Iringa na kutoka na "Siasa ni Kilimo". Ukame wa 1973 na 1974 ukazaa kampeni ya "Kilimo cha Kufa na Kupona". Wazee bado wanakumbuka kaulimbiu ya "mvua za kwanza ni za kupandia". Ni kaulimbiu nzuri kwa mahindi, maana mbegu ya mahindi inatoka mkononi kwenda shimoni. Kwa nyanya haitoshi. Nyanya ya kupandwa na mvua za kwanza lazima iwe imeshasiwa mwezi mzima kabla, wakati jua linawaka na jirani anakushangaa. Mimi kosa langu la 2023 lilikuwa hilohilo: nilimpa mama mkubwa kalenda ya mahindi kwa shamba la nyanya.

Mwaka huohuo wa 1974 ilipita Operesheni Mara. Watu walihamishwa kwenda vijiji vya pamoja kandokando ya barabara. Yameandikwa mengi kuhusu nyumba zilizoachwa, machache kuhusu bustani. Mji wa zamani ulikuwa na zizi, na nyuma ya zizi palikuwa na udongo mweusi ambapo mgagani, mnavu na majani ya maboga viliota karibu vyenyewe. Ulihama na mabati na vyungu, lakini samadi ya miaka 30 huwezi kuibeba kichwani. Kule kwetu itongo ni mahame, mahali watu walipoishi zamani, na ndiyo asili ya jina Mwitongo, pale alipozikwa Mwalimu Oktoba 1999. Ukipita kwenye mahame wakati wa mvua utaona mboga za majani zimejiotea bila mwenyewe. Akina mama bado huenda kuchuma huko.

Mwaka huo wa 1999 ndipo ilipoundwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwanza kama wakala wa serikali. Mwaka mmoja kabla, 1998, wataalamu wa hali ya hewa wa Pembe ya Afrika walikuwa wameanza kukutana kabla ya kila msimu kulinganisha utabiri wao. Na mwaka 1997 kituo cha Tengeru, Arusha, kilitoa nyanya mbili ambazo kila mkulima wa mboga anazijua, Tanya na Tengeru 97. Yaani katika miaka mitatu tu mama mkubwa alipata mbegu iliyofanyiwa kazi hapahapa nchini na sauti ya kumwambia msimu ujao utakuwaje. Ni neema ambayo Nyakinywa hakuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye chini ya mwembe na kuviunganisha viwili hivyo kuwa hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unahesabu kurudi nyuma. Miche ya nyanya hukaa kitaluni wiki nne hivi, na wiki ya mwisho unaizoesha jua kwa kuondoa kivuli na kupunguza maji. Kabichi na sukuma wiki ni wiki nne mpaka tano. Vitunguu ni wavivu, huchukua wiki sita mpaka nane. Mchicha na mgagani havihamishwi. Unasia palepale, na baada ya wiki tatu au nne unaanza kuchuma, kwa hiyo unasia kidogo kila baada ya wiki mbili ili usipeleke sokoni vyote siku moja. Ukitarajia masika ishike katikati ya Machi, nyanya zinasiwa mapema Februari. Ukitarajia vuli Oktoba, unaanza Septemba, tena kwa ndoo. Vitunguu unavipeleka kinyume: unavisia mvua ikiwepo, unavihamisha Mei inapokaribia kuisha, ili vikomae kiangazi. Vikikomaa na mvua vinaoza. Ila kiangazi hicho vitahitaji maji, kwa hiyo ni mpango wa mwenye kisima au mwenye ziwa.

Na hapo ndipo ramani ya mkoa inapoingia. Mtu wa Musoma anayelima kando ya Ziwa Victoria ana kalenda yake, kwa sababu maji yapo mwaka mzima. Adui yake ni ziwa lenyewe. Mvua za mwaka wa Uhuru, 1961, na zilizofuata zililipandisha ziwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na Mei 2020 likaivuka kidogo rekodi ile. Bustani nyingi za ufukweni zilimezwa. Mtu wa Bunda au wa Butiama aliye mbali na ziwa hutegemea wingu na kisima, kwa hiyo kwake wiki moja ya kuchelewa ni msimu mzima. Ndiyo maana tangazo moja la "Kanda ya Ziwa" haliwezi kuwa mpango wa shamba. Ni habari. Mpango unatengenezwa kijijini.

Februari hii nilichukua likizo nikaenda Bunda. Safari hii sikwenda kufundisha. Mama mkubwa alikuwa na kalenda ya ukutani ya duka la pembejeo. Tukaweka alama pale alipodhani mvua itashika, tukahesabu wiki tano kurudi nyuma, tukasia siku hiyo. Nusu tu ya mbegu. Nusu nyingine tukaisia siku kumi baadaye, maana utabiri ni utabiri. Kitalu tukakiinua kiganja kimoja juu ya ardhi ili maji yasituame. Kazi ya kubeba ndoo ilikuwa yangu. Miche ilipofika urefu wa kiganja tuliihamisha jioni, jua likiwa limepoa.

Nilipokuwa naondoka nyanya za awamu ya kwanza zilikuwa zimeanza kutoa maua, na mama mkubwa alikuwa anakagua majani moja moja, akigeuza kila jani kuangalia chini yake. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Nyerere," akasema.

Nilidhani anatania. Alikuwa anatafuta viwavi.

Basi ndugu zangu wa mjini, mnaonunua fungu la nyanya bila kuuliza limetoka wapi, nina ombi. Piga simu nyumbani. Waulize walikuwa wanahesabuje kabla ya redio, na mwaka uliozaliwa wewe mvua ilianza lini. Kisha mkisikia utabiri wa msimu, wapelekeeni kama ulivyo, msiwaongezee ushauri wenu kama nilivyofanya mimi. Wa kwenu wana jina gani la mwaka wa njaa, na jina gani la mwaka wa mvua? Nayasubiri.