Oscar wa Lubumbashi na majina yasiyosomwa

Usiku wa tarehe 22 Juni 2023, katika ukumbi mmoja wa Brooklyn, New York, yalisomwa majina 58 ya vijana waliochaguliwa kuingia ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani. La kwanza lilikuwa la Victor Wembanyama, kijana Mfaransa ambaye baba yake, Félix, asili yake ni Kongo. Majina yakaendelea kusomwa mpaka la mwisho, na jina la Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, halikutajwa. Mwaka mmoja tu kabla ya usiku ule, Oscar huyo huyo alikuwa amezoa tuzo zote kubwa za mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, ikiwemo ile inayoitwa kwa jina la gwiji Oscar Robertson. Oscar alimpokea Oscar, halafu akaachwa.

Habari ya kuchagua na kuacha si ngeni kwetu Kabalo. Mji huu umekuwa njia panda ya reli tangu njia ya kwenda ziwani ilipofika Kalemie mwaka 1915, na miaka ya 1950 ikaongezwa ile ya Kamina. Behewa likifika hapa, lazima mtu aamue: hili liende ziwani, hili liende kusini, na lile livutwe pembeni lingoje kwenye majani. Tena mpaka mwaka 2015 Kabalo na Lubumbashi tulikuwa mkoa mmoja, Katanga. Kwa hiyo nitamhesabu Oscar kuwa mtoto wa nyumbani, na wanaotaka kubisha wabishe.

Utaratibu uliomwacha nje unaitwa drafti, na haukuzaliwa kwenye kikapu. Ulizaliwa katika ule mpira wa Wamarekani wa kukimbia na kuangushana, ambao wao ndio wanauita futiboli. Mwaka 1935 mtu mmoja aliyeitwa Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, alikuwa amechoka kufungwa. Vilabu tajiri vilikuwa vikinunua kila kijana mzuri aliyemaliza chuo, vyake yeye na wenzake maskini vikabaki na makapi. Bell akawashawishi wenye vilabu wakubali jambo la ajabu: timu iliyoshika mkia ichague ya kwanza, na bingwa achague wa mwisho. Februari 1936 vilabu tisa vikakutana hotelini Philadelphia vikachagua vijana 81.

Wa kwanza kabisa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Fedha aliyoitaka hawakumpa, akaenda zake kufanya kazi nyingine. Hivyo tangu siku ya kwanza drafti ilikuwa foleni ya bei. Kipaji kilikuwa ndani yake, lakini kilichopangwa pale ni hesabu ya nani atalipwa nini, na nani hana ruhusa ya kuzungumza na klabu nyingine.

Ambaye jina lake halikusomwa, yeye yuko huru kuzungumza na yeyote. Ndiyo maana historia ya walioachwa inapendeza kuliko ya waliochaguliwa.

Chukua mwaka 1952. Siku hizo drafti ilikuwa na raundi 30, yaani walisoma majina mpaka koo zikakauka. Bado hawakumwona Dick Lane, aliyekuwa amesoma mwaka mmoja katika chuo kidogo cha Nebraska, akaingia jeshini, kisha akawa mfanyakazi wa kiwanda cha ndege Los Angeles. Lane aliingia mwenyewe kwenye ofisi za klabu ya Rams akiwa na daftari la vipande vya magazeti vilivyoandika habari zake, akaomba kujaribiwa. Msimu huo wa kwanza, katika mechi 12, alinasa pasi 14 za wapinzani. Msimu wa siku hizi una mechi 17, na rekodi yake haijavunjwa.

Au Kurt Warner. Mwaka 1994 hakuchaguliwa, Green Bay wakamwita kambini wakamfukuza, akaenda kupanga bidhaa usiku kwenye rafu za duka huko Iowa. Januari 2000 aliiongoza St. Louis kutwaa ubingwa wa Marekani na yeye ndiye akawa mchezaji bora wa fainali.

Hadithi hizi Wamarekani wanazipenda mno, na hapo inabidi tuwe waangalifu. Kwa kila Warner wapo mamia waliorudi dukani wakabaki huko huko. Raundi nazo zilipunguzwa kidogo kidogo, kutoka 30 hadi saba tangu mwaka 1994. Vilabu havikuacha kuwataka waliobaki; viligundua kwamba wanapatikana kwa bei nafuu simu ikipigwa dakika chache baada ya jina la mwisho. Na ili kuamua nani afaa, wataalamu wana kambi nzima ya vipimo: mbio za yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu, kuinua chuma cha kilo 102 mara nyingi uwezavyo, kuruka, kupimwa mikono na viganja. Mwaka 2013 Indianapolis walimsaini Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga ambaye hakuwahi kucheza mchezo wao hata chuoni. Walichokinunua kilikuwa mwili na mbio. Alicheza mechi chache tu, mambo yakaisha.

Mpira wa kikapu uliiga drafti mwaka 1947, na tangu 1989 una raundi mbili tu. Mlango ni mwembamba. Katanga imewahi kupita mlango huo kwa kishindo, na hapa ndipo kisa cha Oscar kinapata maana.

Bismack Biyombo naye ni mzaliwa wa Lubumbashi. Aliondoka kijana mdogo akacheza Yemeni, kisha Hispania. Aprili 2011, akiwa na miaka 18, alialikwa Portland kwenye mechi ya vijana wa dunia dhidi ya vijana wa Marekani. Siku hiyo moja alifunga pointi 12, akanyakua ribaundi 11, akazuia mipira 10 isiingie. Miezi miwili baadaye alichaguliwa wa saba katika Marekani nzima, na amecheza ligi ile zaidi ya miaka kumi.

Sasa mtazame Oscar. Mji ule ule na kazi ile ile ya chini ya kikapu: kuudaka mpira uliokosa. Hata kimo hawakupishana sana. Ila yeye hakuhukumiwa kwa siku moja. Akiwa Chuo Kikuu cha Kentucky, msimu wa 2021-22, alipata wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kila mechi. Machi 2022 Kentucky ilipong'olewa na chuo kidogo cha Saint Peter's katika mechi iliyotikisa Marekani, Oscar peke yake alifunga 30 na kunyakua ribaundi 16. Alirudi mwaka mwingine, akanyakua ribaundi 25 katika mechi moja dhidi ya Providence. Baada ya ushahidi wote huo, majina 58 yakapita.

Kwa nini? Sababu zilisemwa wazi. Ligi imegeuka, mtu mrefu sasa anatakiwa kurusha kutoka mbali kwa pointi tatu na kuwakimbiza walinzi wepesi uwanjani, na Oscar si mrefu kwa kipimo cha majitu wale. Lakini kubwa ni umri: alikuwa na miaka 23. Biyombo wa miaka 18 alikuwa gunia lililofungwa, kila mnunuzi akaota dhahabu ndani yake. Gunia la Oscar lilikuwa limefunguliwa kwa misimu miwili, kila mtu ameona mchele na ameona na mawe. Tunazoea kudhani aliyeachwa ni yule ambaye hakuonekana. Lane hakuonekana, kweli. Oscar alionekana kupita kiasi.

Indiana Pacers walimsaini siku zile zile, kwa mkataba wa pande mbili, aina iliyoanzishwa mwaka 2017. Mwenye mkataba huo anacheza zaidi ligi ndogo, anaitwa juu akihitajika, mechi zisizozidi 50, na malipo yake ni nusu ya kima cha chini cha mchezaji mpya. Mwaka 2024 alihamia Utah Jazz kwa mkataba wa namna hiyo hiyo. Huko ligi ndogo ribaundi alizinyakua kama kawaida yake. Je, waliomwacha walikosea? Kwa maoni yangu hawakukosea sana. Lakini wamkumbuke Ben Wallace, aliyeachwa mwaka 1996, mfupi kwa nafasi yake na asiyejua kurusha. Alikuwa mlinzi bora wa ligi mara nne, na ubingwa wa 2004 aliubeba na Detroit.

Kabalo hatuna drafti, wala hakuna mtu anayekuja kupima viganja vya watoto wetu. Hata hivyo kipimo kimoja kati ya vile vyote kinaanzia hapa hapa kwetu, nacho ndicho kilichowatenganisha Biyombo na Oscar: tarehe ya kuzaliwa. Hata Biyombo, mwaka ule wa 2011, walitokea watu waliotilia shaka umri wake. Kwa hiyo nawaomba wazazi wa Kabalo, wale wa mtaani na wale wa vijiji vya kando ya Lualaba: mtoto akizaliwa, nendeni etasivili mkamwandikishe kabla siku 90 hazijapita. Ndani ya muda huo sheria yetu haidai malipo.