Chapa ya Kwanza na Chapa za Baadaye: Thamani ya Katuni Kuukuu kwa Mhakiki wa Kiswahili

Katika soko la Marekani, tofauti baina ya chapa ya kwanza ya kitabu cha katuni na chapa zinazofuata hupimwa kwa fedha. Nambari ya kwanza ya Action Comics, iliyotoka mwaka 1938 kwa bei ya senti 10 na kumtambulisha Superman, iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa dola milioni 6, nakala moja tu. Mwaka 1974 wachapishaji wake waliitoa upya kwa umbo kubwa zaidi, ikiwa na jalada la ziada kwa nje. Wakatokea wauzaji waliolibandua jalada hilo ili kumhadaa mnunuzi asiyejua ukubwa wa asili. Hadithi ni ile ile, na picha ni zile zile. Kinachonunuliwa ni kule kutangulia kwa karatasi.

Kipimo hicho kikiletwa Chawia, juu ya Mwatate katika milima ya Taita, hakipati cha kupima. Gazeti lililopanda mlima kutoka Voi lilikuwa na kazi nyingine likishasomwa: kufungia sukari, kujalidia madaftari ya watoto, kuwashia moto. Lililosalimika lilikabiliwa na hali ya hewa, kwani ukungu unaotanda msituni asubuhi na ukungu unaoota juu ya karatasi ni jirani kwa zaidi ya jina. Huko chini Voi, penye joto, kazi hiyo hufanywa na mchwa.

Ndiyo maana katuni za Kiswahili zilizosomwa zaidi ndizo adimu zaidi leo. Juha Kalulu wa Edward Gitau alionekana katika Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Kila kipande kilichapwa kwa ajili ya siku yake, na kwa kawaida chapa hiyo ya kwanza ilikuwa ndiyo ya mwisho. Hali haikuwa tofauti sana kwa jarida la Joe, lililotoka Nairobi kwa Kiingereza kati ya 1973 na 1979 chini ya Hilary Ng'weno na Terry Hirst, wala kwa Sani ya Dar es Salaam, ambayo akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa walichorwa na mikono zaidi ya mmoja. Msomaji hakuwa mkusanyaji. Nakala moja ilipita mikononi mwa watu wengi, na uchakavu wake ni ushahidi wa kusomwa, jambo ambalo mnada wa New York huliona kuwa hasara.

Suala la chapa linajitokeza waziwazi pale katuni inapokuwa kitabu. Abunuwasi ya Gado ilitolewa Nairobi na Sasa Sema mwaka 1996. Baadaye jina la Sasa Sema likaingia chini ya Longhorn. Abunuwasi mwenyewe hana chapa ya kwanza. Visa vyake vilisimuliwa vinywani muda mrefu kabla ya kupigwa chapa, na mshairi wa Baghdad aliyempa jina alikufa mwanzoni mwa karne ya 9. Lakini sura aliyopewa na Gado, mpangilio wa fremu, mahali maneno yalipowekwa ndani ya kiputo, haya yana tarehe. Mhakiki anayeyajadili hana budi kusema ameyaona katika nakala ipi.

Yaweza kudaiwa kwamba huu ni udadisi wa wakutubi, na kwamba fasihi imo katika hadithi wala si katika karatasi. Dai hilo haliwezi kusimama mbele ya Tintin au Congo. Katuni hiyo ya Hergé ilianza kutolewa mfululizo Brussels mwaka 1930, ikawa kitabu mwaka 1931. Katika chapa hiyo Tintin anasimama darasani mbele ya watoto wa Kongo na kuwafundisha kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 kitabu kilichorwa upya kwa rangi na kupunguzwa hadi kurasa 62, na somo likageuzwa kuwa hesabu za kujumlisha. Mwanafunzi wa Bukavu au Lubumbashi aliyesoma toleo la rangi pekee hukutana na mwalimu wa hisabati. Mkoloni aliyekuwa akisema wazi amekwisha kuondoka ukurasani. Hapa thamani ya chapa ya kwanza haitokani na uhaba. Inatokana na kwamba ndiyo shahidi aliyesalia. Wala chapa ya pili haipaswi kutupwa, maana bila hiyo hakuna ajuaye ni nini kilichoonewa aibu.

Lugha ya wahakiki wa Kiswahili yenyewe haijasaidia. Toleo, chapa na nakala hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali toleo jipya hudokeza kwamba matini yameguswa, na chapa mpya ni mtambo kuendeshwa tena, japo katika vitabu vya picha hata hilo halina hakika, kwa kuwa jalada au rangi huweza kubadilika kimyakimya. Orodha ya marejeo inayotaja mwaka tu haimwambii msomaji lolote kati ya hayo. Taarifa inayotakiwa huwa katika ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina, penye maneno "kimechapishwa mara ya kwanza" na tarehe zinazofuata. Kwa bahati mbaya ukurasa huo uko karibu na jalada, na katika nakala iliyopita mikono mingi huwa miongoni mwa zile za kwanza kunyofoka.