Marafiki wa Kwanza Hawakuwa na Kwaya



Tulipoleta kinanda kanisani, mzee wetu mmoja alituuliza: "Hivi Marafiki wa kwanza waliimba na kwaya?" Swali hilo hatukulijibu vizuri siku ile. Kwa kuwa huu ni mwaka wa jubilii, tunalijibu hapa bila kuficha. La, hawakuwa na kwaya.

Juni 1652, George Fox alihubiri kwa muda wa saa tatu hivi kwenye kilima cha Firbank, kaskazini mwa Uingereza. Waliomsikiliza walikuwa watu wapatao 1,000, wengi wao watu wa mashambani. Karibu na kilima hicho kuna kijiji kidogo kiitwacho Brigflatts, na huko Marafiki walianza kukusanyika.

Haikuwa rahisi. Sheria ilikataza mikutano yao, na waliokaidi walitozwa faini au kufungwa. Francis Howgill, mmoja wa waliomsikia Fox pale Firbank, alifia gerezani Appleby mwaka 1669. Hata hivyo, mwaka 1675 watu wa Brigflatts walijenga nyumba ya ibada, miaka 14 kabla ya sheria kuwaruhusu kuabudu kwa uhuru. Nyumba hiyo ingali inatumika. Ndani, chini ya ngazi, kuna kizimba cha mbwa, kwa sababu wafugaji wa kondoo walikuja ibadani na mbwa wao.

Humo walikaa kimya wakimngoja Bwana. Aliyeguswa na Roho alisimama akanena, kisha akaketi.

Basi nyimbo zetu zilitoka wapi? Marafiki wengi walihamia Marekani. Huko, katika karne ya 19, uamsho uliingiza nyimbo na wachungaji katika mikutano mingi. Ni kutoka Marekani walikokuja Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, wakafika Kaimosi mwaka 1902. Ndiyo maana sisi tunaimba, na wenzetu wa Brigflatts bado wanakaa kimya. Sote ni Marafiki.

Mzee wetu hakukosea kuuliza. Leo, kabla ya wimbo wa kwanza, kwaya itaketi kimya kwa dakika tano, pamoja nanyi. Tunaomba simu zizimwe na watoto wakae karibu na wazazi. Wako waliofungwa kwa ajili ya kimya hicho. Tukishakaa, ndipo tutaimba.

Karibuni sana.

Katibu, kwa niaba ya kwaya