Mtoto wa Osogun na Kitabu cha Ugenini

Katika habari za biashara ya watumwa tumezoea kusoma hesabu: merikebu kadha, watu kadha, fedha kadha. Hesabu hizo zina faida yake, walakini haziwezi kutuonyesha jinsi mtoto mmoja alivyoyaona mambo hayo kwa macho yake. Mmoja katika watoto hao aliokoka, akaelimika, akaandika habari zake kwa mkono wake mwenyewe. Jina alilopewa na wazazi wake ni Ajayi.

Ajayi alikuwa Myoruba, mzaliwa wa mji wa Osogun, katika nchi iitwayo sasa Nigeria. Mwanzoni mwa mwaka 1821, alipokuwa na umri wa yapata miaka 13, mji ule ulivamiwa asubuhi. Watu wakafungwa kamba shingoni na kuongozwa njiani kama mbuzi. Miongoni mwao walikuwamo Ajayi, mama yake Afala, na ndugu zake wa kike. Baba yake hakuonana naye tena. Baadaye akatengwa na mama yake pia. Alibadilishwa kwa farasi, kisha akauzwa na kuuzwa tena, na safari moja bei yake ilikuwa tumbako na pombe kali. Mwisho akafikishwa Lagos, akapakiwa katika merikebu ya Wareno pamoja na watumwa wengine, jumla yao zaidi ya 180. Merikebu ile iliitwa Esperanza Felix, maana yake Tumaini la Heri! Tarehe 7 Aprili 1822 ilikamatwa na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikilinda pwani ile, na Ajayi akateremshwa Sierra Leone.

Hapo alikuwa huru, lakini alikuwa mgeni kabisa. Sierra Leone ilikuwa mbali sana na Osogun, na watu waliookolewa merikebuni walitoka katika makabila mengi yasiyosikilizana kwa lugha. Watoto walipelekwa katika vijiji vilivyo milimani juu ya Freetown. Ajayi akawekwa Bathurst, chini ya uangalizi wa wamisionari wa C.M.S. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza alipofundishwa herufi hakuweza kutulia. Alikwenda mbio kwa Wayoruba wenzake mjini akawaomba nusu peni, apate kununua kitabu cha alfabeti kiwe chake mwenyewe. Mtoto aliyekuwa akinunuliwa juzi, leo alikuwa ananunua.

Kwa muda wa miezi sita hivi aliweza kusoma Agano Jipya kwa Kiingereza. Wepesi huo ulikuwa wa ajabu, kwa kuwa alikuwa akijifunza kusoma na akijifunza lugha ngeni wakati uo huo. Akafanywa msaidizi wa mwalimu, kwa mshahara wa peni saba na nusu kwa mwezi. Lakini yeye mwenyewe hakukihesabu kitabu kile kuwa ngazi ya kupandia cheo tu. Aliandika baadaye kwamba, yapata mwaka wa tatu tangu kufunguliwa katika utumwa wa wanadamu, alitambua kuwa uko utumwa mwingine mbaya zaidi, ule wa dhambi. Mtu aliyefungwa kamba shingoni hatumii neno hilo kwa mchezo. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akaitwa Samuel Crowther, kwa jina la kasisi mmoja wa Uingereza. Jina la Ajayi hakulitupa.

Basi miaka ikapita, akasoma katika chuo cha Fourah Bay tangu 1827, akawa mwalimu, na mwaka 1843 akapewa daraja la ukasisi huko London. Hapo ndipo lilipomkabili jambo zito. Yale yote aliyoyapata katika kitabu aliyapata kwa Kiingereza. Mwezi wa Januari 1844 aliongoza ibada ya Kiyoruba mjini Freetown, mbele ya watu wa kwao. Lugha ilikuwa yake tangu utotoni, lakini aliungama kwamba siku ile alijiona kama mtoto mchanga anayeanza tu kutamka lugha ya mama yake.

Mwaka ule ule wa 1844 Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na C.M.S. hiyo hiyo, alifika Mombasa na kuanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kazi zao zilifanana, lakini Krapf alikuwa akijifunza lugha ya wenyeji wake, na Crowther alikuwa akirudi katika lugha aliyonyang'anywa. Hakutegemea kumbukumbu zake za utotoni. Alikaa na wazee, akasikiliza methali zao, akauliza maana ya maneno hata yale ya matambiko. Palipokosekana neno la kufaa, mara nyingine alichukua lile lililokuwa limekwisha kuletwa na Waislamu. Ndiyo maana Myoruba Mkristo husema "adura" kwa sala na "waasu" kwa mahubiri, na sikio la Mswahili husikia humo "dua" na "waadhi." Mara nyingine uchaguzi wake ulileta ugomvi usiokwisha: kwa jina la Shetani alitumia Eshu, ambaye katika dini ya kale ya Wayoruba si mwovu tu, bali ni mjumbe na mlinzi wa njia panda. Wataalamu wa Kiyoruba wanamlaumu kwa hilo hata leo, nami naona lawama hiyo ina haki.

Mwaka 1846 alikwenda Abeokuta kuwahubiria watu wake. Tarehe 21 Agosti mama yake, aliyepata habari kwamba mwanawe yu hai, akaletwa kwake. Walikuwa hawajaonana kwa miaka 25. Crowther ameandika kwamba walishikana mikono wakatazamana kimya huku machozi yakiwatoka. Kisha mama akawa anamwita kwa majina ya utotoni ambayo tangu siku za Osogun hakuna aliyemwita. Mwaka 1848 Afala alibatizwa, akachukua jina la Hana, yule mama wa Samweli katika Biblia.

Waraka kwa Warumi ulipigwa chapa kwa Kiyoruba mwaka 1850, na sehemu nyingine zikafuata polepole, kwa kuwa kazi ilikuwa nzito na Crowther alikuwa na safari nyingi. Mwaka 1864 alifanywa askofu, Mwafrika wa kwanza katika kanisa la Kianglikana. Hana alifariki mwaka 1883, akiwa mkongwe sana. Biblia nzima ya Kiyoruba ilikamilika mwaka uliofuata.